Waranti ya nyongeza kwa gari la kifahari lililotumika: mwongozo kamili wa kuamua ununue au uache

Umeshamaliza kuvutana bei. Ile BMW X5 nyeusi iko nje, imeoshwa inang'aa, na funguo unaziona mezani. Muuzaji anakupeleka chumba kidogo cha pembeni kwa mtu wa mambo ya fedha, naye anakugeuzia kompyuta: malipo ya mwezi bila waranti ni haya, ukiongeza waranti ni haya. Tofauti ni dola 100. "Skrini tu ya gari hili ikifa ni dola 3,000," anasema, na kalamu ameshakuwekea mkononi. Uko pale tangu saa nne asubuhi na watoto wana njaa. Unasaini.

Lengo la mwongozo huu ni uamuzi huo ufanyike nyumbani kwako, siku mbili kabla ya kuingia kile chumba. Nimeuandika kwa ajili yetu tunaoishi Marekani, maana huku ndiko magari haya hushuka bei mpaka mtu wa mshahara wa kawaida akaanza kuyatamani, na huku ndiko biashara ya waranti hizi ilikoota mizizi. Mlioko nyumbani mnaoagiza magari kutoka Japani mtafaidi zaidi hatua ya tatu na ya nne. Mengine ni sheria na mitego ya huku.

Hatua ya 1: Elewa kwamba unachouziwa si waranti

Waranti ya kweli ni ahadi ya kiwanda iliyomo ndani ya bei ya gari jipya. Hii unayouziwa kwa pesa ya ziada, kisheria ni mkataba wa huduma: unalipa leo, na kampuni inaahidi kulipia matengenezo fulani yakitokea. Ndani ya mkataba huo mara nyingi kuna watu watatu tofauti. Yuko aliyekuuzia, yaani yadi au mtu wa simu. Yuko anayepokea madai na kuamua yalipwe au yakataliwe. Na yuko anayebeba deni lenyewe, ambaye mara nyingi ana kampuni ya bima nyuma yake. Muuzaji atakuwa mpole sana kwako, lakini siku gia boksi ikigoma hutazungumza naye. Utazungumza na wa pili.

Kuna kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inayozilazimu yadi kubandika karatasi iitwayo "Buyers Guide" kwenye kila gari lililotumika. Isome. Ikiwa imetiwa alama "As Is", gari linauzwa kama lilivyo na likiharibika ukitoka getini ni lako (majimbo machache hayaruhusu kuuza hivyo). Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Chini ya sheria ya waranti ya 1975, yadi ikikuuzia mkataba wake yenyewe wa huduma ndani ya siku 90 tangu ununue gari, kwa kawaida haiwezi tena kujivua ile dhamana ya msingi ya sheria za jimbo (kwamba gari litafanya kazi ya kawaida ya gari) kuhusu sehemu zinazohusika na mkataba. Huo si mwujiza, ila ukija kukataliwa dai, ni silaha.

Hatua ya 2: Tafuta tarehe gari lilipoanza kazi

Mwaka wa toleo haukuambii kitu hapa. BMW, Mercedes-Benz, Audi, Porsche na Land Rover kwa muda mrefu wametoa waranti ya miaka 4 au maili 50,000, kinachotangulia. Lexus hutoa hivyo hivyo, kisha wanaongeza injini na gia boksi mpaka miaka 6 au maili 70,000. Saa huanza kuhesabu siku gari lilipouzwa au lilipoanza kutumika mara ya kwanza. Toleo la 2022 lililokaa yadi likauzwa Machi 2023, waranti yake inaisha baadaye kuliko unavyodhani. Piga simu idara ya sevisi ya wakala wa kiwanda, wape namba ya chasi, waulize tarehe hiyo na kama kuna marekebisho ya kiwandani ambayo hayajafanywa. Wito wa usalama (recall) unaweza kuutazama mwenyewe bure kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani.

Genesis ina mtego wake. Ile miaka 10 ya injini wanayoitangaza ni ya mmiliki wa kwanza. Wewe wa pili unapata pungufu, isipokuwa gari liwe limethibitishwa na kiwanda.

Na hilo la kuthibitishwa ni kubwa kuliko yote. BMW na Mercedes-Benz huongeza mwaka 1 bila kikomo cha maili kwa magari yao yaliyokaguliwa na kuthibitishwa. Lexus na Porsche huongeza miaka 2. Gari la namna hiyo ni ghali kidogo, lakini nyongeza hiyo inatoka kwa kiwanda chenyewe. Ukilipata, ahirisha habari ya mkataba wa nyongeza. Angalia tu neno "certified" limeandikwa na nani, maana yadi yoyote ya pembeni ya barabara inaweza kujibandikia kibandiko chake.

Usisahau pia kwamba sheria ya serikali kuu inailinda kompyuta inayoongoza injini pamoja na lile masega la ekzosi (catalytic converter) kwa miaka 8 au maili 80,000. Usilipie mara ya pili kitu ambacho tayari kina mlinzi.

Hatua ya 3: Lijue gari lenyewe, si nembo yake

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo, na hapa ndipo watu hupita haraka.

Gari lililouzwa jipya kwa dola 85,000 na leo unalipata kwa 24,000 bado lina spea za gari la dola 85,000. Gari limeshuka bei, spea hazikushuka. Ila si magari yote ya kifahari yana tabia moja, na hata ndani ya nembo moja injini mbili zinaweza kuwa usiku na mchana.

Chukua X5 ile ile. Toleo la 2019 lilikuja na injini ya silinda sita mstari mmoja inayoitwa B58, na pia na V8 ya lita 4.4 inayoitwa N63. Mafundi wa BMW wanaiheshimu B58. N63 ina historia. Matoleo yake ya mwanzo, kuanzia 2008, yalikunywa oili, yakachosha sili za valvu na kusumbua cheni ya taimingi, hadi kiwanda kikaanzisha mpango maalum wa kuwashughulikia wateja. Tabo (turbo) zimewekwa katikati ya V, mahali penye joto kali, na joto hilo hula mipira, mabomba na nyaya zote za jirani. Matoleo ya baadaye yalirekebishwa, lakini joto halikuhama. Kwa hiyo mtu anayekuuliza "ninunue waranti ya X5?" hajauliza swali bado.

Mengine ya kuyajua kabla hujatamani:

Mercedes-Benz yenye shokapu za upepo (Airmatic) itakufikisha siku ukiamka asubuhi ulikute limelala upande mmoja kama ngamia aliyepiga magoti. Range Rover ina hizo hizo, pamoja na mabomba ya plastiki ya kulanti (maji ya kupoza injini), na zile V8 za lita 5.0 za miaka ya mwanzo ya 2010 zina sifa mbaya ya vikaza cheni. Audi za lita 2.0 zenye tabo za karibu 2009 hadi 2011 zilikunywa oili mpaka wamiliki wakaenda mahakamani kwa pamoja. Porsche Cayenne V8 za kizazi cha kwanza zilikuwa na mabomba ya maji ya plastiki juu ya injini. Karibu kila aliyebaki barabarani ameshayabadilisha kwa ya alumini. Kwa upande wa pili, Lexus RX na ES zina uti wa mgongo wa Toyota, na kwa hizo jibu langu ni fupi: usinunue mkataba, nunua oili.

Msimamo wangu ni huu, na wengine hawaupendi. Kama gari linakutisha kiasi kwamba bila mkataba hulali, rudi nyuma ujiulize kuhusu gari. Mara nyingi tofauti ya bei kati ya V8 na silinda sita, au kati ya Range Rover na RX, inazidi bei ya mkataba wenyewe.

Kuna hadithi inayorudiwa sana. Mwandishi wa magari Doug DeMuro alinunua Range Rover ya 2006 kutoka CarMax, mtandao mkubwa wa yadi za magari yaliyotumika, pamoja na mkataba wao wa miaka 6 uliomgharimu chini ya dola 4,000, na mpaka unaisha ulikuwa umelipia matengenezo ya zaidi ya dola 20,000. Ni kweli, na inafurahisha kusimulia. Isome vizuri lakini. Alichagua kwa makusudi gari linaloharibika sana, akachukua mkataba mpana, kutoka kampuni iliyokuwa ikilipa. Masharti matatu, na yakikosekana mawili hadithi inageuka.

Hatua ya 4: Lipia ukaguzi kabla ya kulipia chochote

Lipeleke kwa fundi huru anayelijua gari la nembo hiyo, asiwe wa yadi wala yule binamu anayetengeneza Corolla. Utalipa dola mia mbili hivi, pengine zaidi. Mwambie alipandishe, alipime kwa kompyuta (sehemu zote, si injini peke yake), atafute uvujaji, na akuandikie kila anachokiona. Yadi ikikataa gari lisikaguliwe nje, ondoka.

Karatasi ya fundi ina kazi mbili. Ya kwanza inajulikana. Ya pili ni kwamba mikataba hii kwa kawaida hukataa kulipia ubovu uliokuwepo kabla, na ukiwa na maandishi yanayoonyesha kwamba gia boksi ilikuwa nzima siku ya ununuzi, wana kazi ngumu zaidi ya kukuambia ilikuwa mbovu.

Muulize pia hivi: "Fundi, gari hili ukiwa nalo miaka mitatu, unadhani litakudai nini, na kila kimoja bei gani?" Majibu yake utayahitaji hatua ya sita.

Hatua ya 5: Omba mkataba wenyewe, si kipeperushi

Waambie wakutumie kwa barua pepe mfano wa mkataba mzima. Wakisema unapatikana baada ya kusaini, umeshapata jibu lako.

Anza na ukurasa wa visivyolipiwa, uache wa vinavyolipiwa. Mikataba iko ya aina mbili kubwa. Upo unaoorodhesha vitu unavyolipia, na kisichotajwa hakimo. Upo unaoorodhesha usivyolipia, na kisichotajwa kimo. Kwa gari la kifahari, lenye kamera, sensa, skrini, viti vya kupoza na kontroli boksi kila kona, aina ya kwanza karibu haina maana. Orodha itakutajia pistoni, kitu ambacho ni nadra kuharibika, na kukunyamazia kompresa ya shokapu, kitu kinachoharibika.

Tafuta sili na gasketi. Magari ya Kijerumani huvuja oili yakizeeka. Ndiyo gharama yao ya kila siku. Mikataba mingi huziacha, au huzilipia tu kama kuna kifaa kingine kilichokufa kwa sababu yake. Kisha tafuta shokapu za upepo, tabo, skrini, na betri ya haibridi kama ipo, kila kimoja kwa jina.

Halafu kipengele cha kazi ya fundi kwa saa. Kuna mikataba inayoweka kikomo cha kiasi wanacholipa kwa saa. Wakala wa Porsche au Mercedes katika mji mkubwa anaweza kutoza zaidi ya hapo, na tofauti ni yako. Angalia kama spea zinaweza kuwa zilizotumika au za kampuni nyingine. Angalia nani analipia kufungua injini ili kutafuta ubovu: mara nyingi ni wewe, na dai likikataliwa utalipa kufungua na kufunga. Fungu lako la kuchangia, je, ni kwa kila ziara au kwa kila kifaa? Dola 200 kwa ziara inavumilika. Dola 200 kwa kila kifaa, siku vitatu vikifa pamoja, ni 600.

Hesabu ya muda ndiyo inayowaumiza watu wengi. "Miaka 7 au maili 100,000" inaweza kuhesabiwa kuanzia leo, au kuanzia siku gari lilipokuwa jipya likisoma sifuri. Gari lako likiwa na miaka 5 na maili 78,000, ya pili ina maana umenunua miaka 2 au maili 22,000 tu. Uliza, na jibu ulione limeandikwa. Mikataba inayouzwa nje ya yadi nayo huwa na muda wa kusubiri, mara nyingi siku 30 na maili 1,000, kabla hawajalipa chochote.

Sasa jambo linalotuhusu sisi hasa. Kama unalitumia gari kubebea abiria wa Uber au Lyft, hata wikiendi tu, tafuta maneno kuhusu matumizi ya biashara. Mikataba mingi inakufuta kabisa, au inataka ulipie zaidi. Kuna watu wa kwetu waliochukua gari zuri ili waingie daraja la Uber la juu, wakalipia mkataba miaka miwili, na dai la kwanza likakataliwa kwa sababu ya kibandiko kwenye kioo. Na kama ndoto yako ni kulisafirisha gari kwenda nyumbani, fahamu kwamba mikataba hii kwa kawaida inaishia Marekani na Kanada. Haivuki bahari.

Hatua ya 6: Piga hesabu kwa kalamu

Tuseme ni ile X5 ya V8, ina maili 70,000, na umeletewa mkataba wa miaka 3 kwa dola 4,800. Fundi amekupa bei na wewe umekadiria uwezekano. Uvujaji wa oili, dola 1,500, nafasi 60 kwa 100: andika 900. Mfumo wa kupoza, 1,200, nafasi 50: andika 600. Shokapu za upepo za nyuma, 1,800, nafasi 30: 540. Umeme na skrini, 2,000, nafasi 20: 400. Injini au gia boksi, 12,000, nafasi 8: 960. Jumla 3,400.

Mkataba unagharimu 4,800. Ukiuweka ndani ya mkopo wa miaka 5 kwa riba ya asilimia 9, utalipa karibu dola 5,980, na miaka miwili ya mwisho utakuwa unalipia mkataba ulioshakwisha. Ukigundua hatua ya tano kwamba sili na gasketi hazimo, toa zile 900: unabaki na 2,500 dhidi ya karibu 6,000. Nambari ni za mfano, weka zako, lakini usishangae zikielekea huko huko. Kampuni nazo hupiga hesabu hii, na zina data zaidi yako. Uchunguzi wa Consumer Reports, jarida la kutetea walaji, kwa wasomaji wake ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya walionunua hawakuwahi kuutumia mkataba hata mara moja.

Lakini hesabu haijaisha. Ile 960 inaficha dola 12,000 halisi. Jiulize: bili hiyo ikija mwezi ujao, nitafanya nini? Mwenye akiba ataumia na kulipa. Asiyekuwa nayo, ambaye gari hilo ndilo linampeleka kazini na bado ana miaka minne ya mkopo, atabaki na deni la gari lisilotembea. Kwa huyo wa pili, kulipa zaidi ya wastani ili asifilisike si ujinga. Ndiyo maana ya bima.

Njia ya kati ninayoipendelea: fungua akaunti tofauti, weka dola 1,500 siku ya ununuzi, kisha zile 100 za kila mwezi ambazo ungelipa mkataba. Mwaka wa tatu ukiisha bila ubovu mkubwa, una zaidi ya dola 5,000 mkononi. Njia hii inavunjika kwa mtu mmoja tu: yule ambaye simu ya harusi au msiba kutoka nyumbani ikipigwa, akaunti hiyo ndiyo ya kwanza kuguswa. Jijue.

Hatua ya 7: Ukiamua kununua, vuta bei

Bei ya mkataba si ya kudumu. Faida ya yadi hapo ni nono, na karibu kila mahali unaweza kupatana. Mikataba inayobeba jina la kiwanda ndiyo ya kwanza kuifikiria, kwa sababu wakala wa nembo yako hawezi kuigomea. Mingi inabidi ununue kabla waranti ya awali haijaisha, kwa hiyo tarehe ya hatua ya pili inarudi tena. Mawakala wa miji mingine huuza mkataba ule ule kwa bei ya chini kwa simu au mtandaoni. Pata bei mbili za hivyo kabla hujaingia kile chumba. Chama chako cha akiba na mikopo nacho huenda kinauza.

Wakikuambia benki haitakupa mkopo bila mkataba, omba namba ya benki upige mwenyewe uulize. Utashangaa jinsi sharti hilo linavyoyeyuka.

Wa simu usinunue kabisa. Mwaka 2023 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliwatoza karibu dola milioni 300 watu waliokuwa nyuma ya zaidi ya simu bilioni 5 za "waranti ya gari lako inakwisha" ndani ya miezi mitatu ya 2021. Mwaka 2024 CarShield, yenye matangazo ya televisheni na nyuso maarufu, ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai ya FTC kwamba matangazo yake yaliahidi kuliko mikataba ilivyolipa. Na US Fidelis ya Missouri, iliyokuwa kubwa kwenye biashara hii, ilifilisika 2010. Kwa hiyo tafuta kwenye mkataba jina la kampuni ya bima inayosimama nyuma, kisha angalia daraja lake kwa AM Best, wanaopima uimara wa kifedha wa kampuni za bima.

Hatua ya 8: Baada ya kusaini

Hifadhi kila risiti ya oili, ikiwa na tarehe na maili. Ukibadilisha mwenyewe uani, weka risiti ya oili na filta na upige picha ya dashibodi. Gari likiharibika, usiruhusu fundi aanze kazi kabla wenye mkataba hawajatoa kibali; matengenezo yasiyo na kibali hayalipwi. Taa ya joto ikiwaka, zima gari hapo hapo. Ukiendelea "mpaka nifike tu," wataandika kwamba uliliua mwenyewe.

Mkataba unaweza kuufuta. Mingi ina siku za mwanzo, kwa kawaida 30, za kurudishiwa pesa yote kama hujadai, na baada ya hapo unarudishiwa sehemu iliyobaki kwa hesabu ya muda au maili, wakikata ada ndogo. Ukiuza gari, au likigongwa na bima ikalifuta, jaza fomu ya kufuta siku hiyo hiyo, uwaambie wakupe nakala iliyosainiwa. Kama bado kuna mkopo, pesa itakwenda benki kupunguza deni, kwa hiyo fuatilia taarifa ya benki miezi miwili mfululizo uone imeingia.